Mashine haizimi lakini majibu yanakataliwa: kutafuta kosa kwenye kompyuta iliyopandishwa kasi

Kompyuta yangu iliwahi kukokotoa wiki tatu mfululizo bila kuzima hata mara moja. Feni zilinguruma sebuleni usiku na mchana, joto lilikuwa la kawaida, kasi kwenye skrini ilisomeka vizuri, nami nikajisifu kwa jamaa kwamba nimepata asilimia kumi za kasi za bure. Siku nilipofungua ukurasa wa matokeo wa mradi wa sayansi niliouazima nguvu za kompyuta yangu, nikakuta karibu kila kifurushi cha hesabu nilichorudisha kimekataliwa. Umeme wa LUKU wa wiki tatu ulikuwa umekwenda na maji.

Tangu hapo neno "tulivu" nalitumia kwa tahadhari. Kompyuta iliyopandishwa kasi, au iliyoovaklokiwa kama vijana wanavyosema, inaweza kucheza filamu na kubeba gemu zito huku ikikosea hesabu moja kati ya mabilioni. Kwenye gemu kosa hilo ni nukta ya rangi isiyo mahali pake, inafutika kabla hujapepesa jicho. Kwenye hesabu za kujitolea, zile tunazoikokotolea miradi ya sayansi nyumbani, halifutiki. Kipimo cha GIMPS, mradi wa kutafuta namba tasa kubwa, hurudia kuzidisha mara mamilioni, jibu la kila hatua likiwa ndilo chakula cha hatua inayofuata. Biti moja ikigeuka katikati, yote yanayofuata ni takataka, na mashine itaendelea kunguruma kwa furaha mpaka mwisho.

Kwa hiyo humu ninaanza na dalili ambayo wengi hawaioni, ndipo nije kwenye zile zenye kelele.

Ni wewe, au ni kifurushi?

Miradi inayotumia BOINC, programu ya kugawa kazi kwa kompyuta za wanaojitolea, kama Einstein@Home na mingine mingi, kwa kawaida hupeleka kifurushi kimoja kwa mashine mbili za watu tofauti na kulinganisha majibu. Yakipishana, kifurushi hupelekwa kwa mtu wa tatu. Hii ndiyo hospitali yako ya bure. Kabla hujagusa BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mazabodi, fungua ukurasa wa kifurushi kilichokataliwa uone wenzako waliopewa kilekile walipata nini.

Wote mmeshindwa? Kifurushi ni kibovu, endelea na shughuli zako. Wenzako wawili wamekubaliana na wewe peke yako uko pembeni, tena si mara moja? Basi tatizo liko mezani kwako. Kwenye climateprediction.net ni muhimu zaidi kuangalia hivyo, kwa sababu kielelezo cha tabianchi kinaweza kuanguka chenyewe na kulalamika kuhusu shinikizo la hewa hasi kwa vile tu watafiti wamekipa vigezo vya kukijaribu mpaka ukingoni. Malalamiko hayohayo hutoka pia kwa prosesa inayokosea, na ukisoma ujumbe peke yake huwezi kuyatofautisha. Wenzako ndio mizani.

Kuna mtego mmoja hapa. BOINC inaruhusu mradi kuiamini mashine yenye rekodi nzuri na kupunguza kuihakiki. Ukijenga sifa kwa miezi sita halafu ukapandisha kasi kiholela, majibu yako mabaya yanaweza kupita bila mtu wa kuyalinganisha nayo. Ndiyo maana nasema kukataliwa ni nafuu.

Irudishe ilivyotoka kiwandani, na RAM pia

Wengi hukwepa hatua hii kwa sababu inawapokonya zile asilimia kumi. Ingia BIOS, chagua mipangilio ya awali, hifadhi, kisha kokotoa siku mbili. Makosa yakiisha, umeshajua mchawi ni nani. Yakibaki, acha kuhangaika na mapigo ya prosesa, kagua vifaa vyenyewe.

Mtu huapa kabisa: "Mimi sijapandisha kasi yoyote." Ukimwuliza kuhusu XMP au EXPO, mipangilio ya BIOS inayoipa RAM kasi ya juu, anasema ndiyo, ameiwasha, si imeandikwa kwenye boksi la RAM? Hiyo nayo ni kupandisha kasi. RAM ya DDR4 inayouzwa kama 3600 hufika hapo kwa volti 1.35 badala ya 1.2, na kidhibiti cha kumbukumbu kilichomo ndani ya prosesa hakikuahidiwa kuibeba kasi hiyo. Mara nyingi kinaibeba. Siku kikishindwa, dalili yake ni hii ya majibu kukataliwa ovyoovyo bila mpangilio, leo mradi huu, kesho ule.

Ipime RAM peke yake kwa MemTest86 usiku kucha, ikiwashwa kutoka kwenye flashi kabla Windows haijapanda. Kosa hata moja ni kosa. Usijiambie kwamba moja kati ya trilioni si kitu. Mashine yako hupitisha trilioni nyingi kabla ya chakula cha mchana.

Majibu yanakataliwa ingawa RAM ni safi

Hapa prosesa ina volti chache kuliko kasi uliyoipa. Jaribio ninaloliamini ni Prime95, programu ileile ya GIMPS, kwenye hali yake ya mateso. Inajua jibu sahihi kabla ya kuanza, kwa hiyo haiwezi kudanganywa. Kiini (core) cha prosesa kikikosea, itakwambia ukadiriaji (rounding) umefika 0.5 wakati ulitarajiwa uwe chini ya 0.4, na itakitaja kitengo (worker) kilichosimama. Kariri kitengo hicho, kwa sababu mara nyingi kiini dhaifu ni kimoja tu na vingine vinaadhibiwa bure.

Mateso ya dakika kumi hayakwambii kitu. Mashine yangu ile ya wiki tatu ilikuwa imepita saa nzima. Iliangukia katika saa ya tisa ya jaribio, usiku wa manane, kwenye maagizo mapana ya AVX ambayo huvuta umeme mwingi kuliko programu za kawaida. Miradi kadhaa ya sayansi hutumia AVX. Kwa hiyo kasi uliyoipima kwa programu nyepesi si kasi unayoruhusiwa kuitumia. Mazabodi nyingi za Intel zina kipengele cha kupunguza kasi pale AVX inapoanza. Kitumie, ipunguzie prosesa hata 200 au 300 MHz, uone kama kukataliwa kutaisha.

Na msidhani Prime95 inawasingizia watu. Mapema 2016 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za Skylake zilikuwa zikiganda zikipewa hesabu fulani za Prime95, na watengenezaji wa mazabodi wakatoa BIOS mpya ya kurekebisha. Prosesa hizo hazikuwa zimeguswa na mtu.

Kuna pia kosa lililosahihishwa kimya. Kwenye Windows, fungua kumbukumbu za matukio ya mfumo utafute WHEA-Logger. Namba 19 maana yake kifaa kilikosea kikajirekebisha. Namba 18 maana yake kilikosea kikashindwa kujirekebisha. Kwenye Linux, dmesg itakuonyesha mistari ya mce. Ukiiona 19 inarudiarudia kwenye Ryzen, prosesa za AMD, baada ya kupandisha RAM, mara nyingi ni njia ya ndani inayounganisha sehemu za prosesa, Infinity Fabric, iliyosukumwa kupita uwezo wake. Shusha RAM kutoka 3800 hadi 3600, njia hiyo nayo ishuke kutoka 1900 hadi 1800 MHz, kisha uhesabu kama zile 19 bado zinakuja. Anayezipuuza kwa sababu "zimesahihishwa" anasubiri 18.

Inazima au inajiwasha upya, lakini pale tu haina kazi

Dalili hii huwachanganya watu. Ikikokotoa kwa viini vyote, salama. Ukisimamisha BOINC ukaenda kula, unarudi unakuta imejiwasha upya. Mantiki inasema mzigo mkubwa ndio hatari, lakini prosesa za kisasa zikiwa na kazi ndogo hupandisha kiini kimoja mpaka kasi ya juu kabisa, kasi ambayo mzigo mzito hauifikii kamwe. Ukiwa umepunguza volteji kwa Curve Optimizer ya Ryzen mpaka hasi 30 kwenye kila kiini, ni hapo kiini dhaifu hukosa pumzi.

Soma tukio la WHEA namba 18, litataja APIC ID, namba ya uzi wa prosesa uliokosea. Kwenye prosesa yenye nyuzi mbili kwa kila kiini, mara nyingi unagawa kwa mbili: 6 ni kiini cha 3, ukihesabu kuanzia sifuri. Kipunguzie kiini hicho peke yake makali, kutoka hasi 30 hadi hasi 25, halafu hasi 20. Programu ya CoreCycler inapima kiini kimoja kimoja na inafaa sana kwa kazi hii, ingawa inataka subira ya siku nzima.

Kwa waliopanga volteji kwa mkono, angalia pia kipengele cha kufidia mporomoko wa volteji, kile ambacho BIOS hukiita LLC. Kikiwekwa ngazi ya juu kabisa, mzigo unapoachiwa ghafla volteji huruka juu kabla ya kutulia. Ngazi ya katikati inatosha.

Joto

Hapa sisi wa pwani tuna la kusema. Joto la prosesa hupanda pamoja na joto la chumba, karibu digrii kwa digrii. Mtu akipanga mashine yake Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Julai, kipupwe kinavuma na chumba kiko nyuzi 25, atapata mipangilio mizuri kabisa. Februari chumba kikifika 33, zile nyuzi nane zinahamia ndani ya prosesa, na joto lenyewe linapunguza uwezo wa transista kubeba kasi ileile kwa volti zilezile. Kilichokuwa sahihi Julai kinakosea Februari, na hakuna ulichobadilisha.

Hesabu ya joto ni rahisi. Umeme unaogeuka joto hufuata kasi mara volteji mara volteji tena. Ukipandisha kasi kutoka 4.0 hadi 4.4 GHz, na volteji kutoka 1.20 hadi 1.32 ili ibebe, umeongeza asilimia 10 ya kazi na asilimia 33 ya joto. Prosesa ya wati 100 sasa ni 133. Ikikokotoa bila kupumzika, zile 33 za ziada ni karibu uniti 24 kwa mwezi. Geuza sasa: shusha kasi hadi 3.8 na volteji hadi 1.08, kama prosesa inakubali. Umepoteza asilimia 5 ya kazi, umeokoa asilimia 23 ya umeme. Chumba kisicho na kiyoyozi hakihitaji ushawishi zaidi ya huo.

Vipimo ninavyovitazama kwa HWiNFO, programu ya kusoma joto na kasi: chini ya 85 kwa mzigo wa mchana kutwa, nalala usingizi. Prosesa nyingi za mezani za Intel hujipunguza kasi zikifika 100. Ryzen 7000 zimeundwa zifike 95 zenyewe, kwa hiyo usipige yowe ukiiona. Ishushie kikomo cha umeme tu, itafanya karibu kazi ileile kwenye 75.

Joto likipanda polepole kwa miezi bila sababu, ni vumbi au pesti ya kupozea iliyokauka. Ukipuliza kwa bloa, zima, chomoa, na ushike feni kwa kidole isizunguke. Karibu na bahari usiache kompyuta imefunguliwa ubavu dirishani ukidhani unaipoza. Hewa ya chumvi italiwahi bati kabla joto halijaliwahi.

Na jambo la BOINC lenyewe: ule mpangilio wa kutumia asilimia fulani ya muda wa prosesa huiwasha na kuizima kazi kila baada ya sekunde chache, joto likipanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa. Uache kwenye 100. Punguza asilimia ya viini badala yake, vinne vifanye kazi mfululizo na viwili vilale.

Kasi kwenye skrini iko juu, lakini vifurushi vinachelewa

Usiamini namba ya kasi, amini saa. Linganisha vifurushi vya aina moja, dakika ngapi kabla na dakika ngapi baada. Ryzen ikikosa volti za kutosha inaweza kunyoosha mapigo yake kimya: skrini inasema 4.6, kazi halisi ni ya 4.3. HWiNFO ina safu ya kasi halisi, tofauti na ile ya kawaida; zikiachana sana chini ya mzigo, umepunguza volteji kupita kiasi. Kasi ikianguka ghafla kwa vipindi hadi chini ya 1 GHz kisha ikarudi, kagua joto la saketi ya umeme (VRM) kwenye mazabodi, pale pembeni ya prosesa. Mazabodi za bei nafuu mara nyingi hazina hata bati la kupozea sehemu hiyo, na feni ndogo iliyoelekezwa hapo inaponya.

Kadi ya grafiki

Folding@home, mradi wa kukokotoa mienendo ya protini, ikikurudishia kazi kama mbovu, au ikisema mashine si tulivu, anza na kumbukumbu ya kadi: irudishe kwenye kasi ya kiwandani moja kwa moja, kwa sababu faida yake kwenye kazi nyingi za protini ni ndogo. Kadi zenye kumbukumbu ya aina ya GDDR6X hugundua data iliyoharibika njiani na kuituma upya, kwa hiyo ukizidisha kasi hazigandi, zinapungua mwendo tu, nawe unaendelea kupandisha ukidhani uko mbele. Kisha shusha mapigo ya kadi hatua ya 15 MHz kwa wakati mmoja.

Skrini ikizima sekunde mbili ikarudi na ujumbe kwamba draiva imeanzishwa upya, kadi ilichelewa kujibu kupita muda ambao Windows huuvumilia. Ikijirudia kwenye kasi ya kiwandani, kagua waya za umeme za kadi kabla ya kumlaumu mtu wa draiva.

Folding@home hutoa alama za ziada kwa wenye ufunguo wa siri waliokwisha kurudisha kazi 10 salama, na inataka angalau asilimia 80 ya kazi zako zifaulu. Nimeona watu wakikimbiza asilimia tatu za kasi wakapoteza ziada yote. Kikomo cha umeme kikishushwa hadi 75 au 80 kwenye programu ya MSI Afterburner, kadi nyingi hupungua mwendo kidogo sana na chumba kinakalika.

Inazima kama imechomolewa

Hakuna skrini ya bluu, hakuna ujumbe, giza tu, na kumbukumbu za matukio zinaonyesha Kernel-Power 41 peke yake. Tukio hilo halisemi sababu, linasema tu kwamba mashine ilizima bila kuaga. Mara nyingi saplai ya umeme imelemewa, prosesa na kadi zikivuta kwa pamoja. Au UPS: iliyoandikwa 650 VA mara nyingi haitoi zaidi ya wati 360 hadi 390, na mashine yenye kadi kubwa inazipita hizo bila jasho. Ikizima kila umeme wa nyumbani unapoyumba, na mzigo uko chini ya uwezo wa UPS, huenda saplai yako ya kisasa haielewani na wimbi la ngazingazi linalotoka kwenye UPS za bei ya chini. Jaribu UPS ya jirani kabla hujanunua.

Laptopu sizizungumzii. Usizipandishe kasi kwa kazi ya saa 24.

Haiwaki tena

Zima, chomoa waya, toa betri ya CR2032 kwenye mazabodi, subiri dakika chache, rudisha. Mipangilio imefutika. Hamna zaidi.

Mwaka jana ilikuwa sawa

Prosesa huzeeka, na volti na joto ndivyo vinavyoizeesha. Ukihitaji kuongeza volti kidogo kila mwaka ili kasi ileile ikubali, badala ya kuongeza, shusha kasi. Ila kama una Intel ya mezani ya kizazi cha 13 au 14, soma hili kwanza: 2024 Intel ilieleza kwamba nyingi zilikuwa zikipewa volti za juu kupita kiasi hata bila kuguswa, ikatoa marekebisho ya programu ya ndani ya prosesa, 0x129 mwezi Agosti na 0x12B Septemba, na kuongeza dhamana miaka miwili. Marekebisho huzuia madhara mapya, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Kwa hiyo ukinunua moja iliyotumika, weka BIOS mpya kabla ya jambo lingine lolote, halafu itese kwa Prime95 muuzaji akiwa bado anapokea simu zako.

Kurudi kazini

Ukishapata mpangilio unaopita mateso ya saa 12, shuka hatua moja chini yake. Hapo ndipo pa kuishi. Usiifungulie mashine miradi yote kwa pamoja. Kwenye BOINC punguza akiba ya kazi hadi sehemu ya kumi ya siku, ili ikikosea iharibu vifurushi vichache na si mia moja vilivyopangwa foleni. Chagua kazi fupi zinazothibitishwa na mtu wa pili. Mimi husubiri ishirini zithibitishwe bila hata moja kukataliwa ndipo nirudishe kazi ndefu, na kielelezo cha tabianchi cha wiki nzima huwa cha mwisho kabisa.

Yote naandika kwenye daftari lililo chini ya kibodi: tarehe, kasi, volti, joto la prosesa, na joto la chumba. Safu hiyo ya mwisho niliiongeza baada ya zile wiki tatu. Jaribio la Julai nimelizungushia duara jekundu, lirudiwe Februari saa nane mchana.